Mgonjwa wa Mtihani, Chumba Namba Nne

Bibi Saa alipenda kutamba kwamba moyo wake umesomesha madaktari wengi kuliko profesa yeyote. Kisha, kabla hujapata nafasi ya kushangaa, alijishusha mwenyewe: "Ila tusidanganyane. Wengi walifelia hapa hapa kifuani kwangu, na waliofaulu hakuna hata mmoja aliyerudi kunijulia hali."

Alikuwa mgonjwa wa mtihani. Kila mwaka, wanafunzi wa udaktari walipofika mwisho wa masomo yao, hospitali ilimwita yeye na wenzake wachache wenye mioyo yenye visa, ikawalaza kwenye vitanda vilivyotandikwa vizuri, na vijana wakaletwa mmoja mmoja kuwapima kwa macho, vidole na masikio, bila mashine yoyote. Moyo wa Bibi Saa ulikuwa na vali ya chuma, mlango mdogo wa kupitishia damu. Vali hiyo ililia tik, tik, tik, na chumba kikiwa kimya hata mtu aliyesimama mlangoni aliisikia. Akikasirika, ilikwenda mbio. Kwa hiyo uzeeni mwake hakuweza kumficha mtu hasira zake, na kucheza karata alikuwa ameacha kabisa.

Asubuhi ile, saa nne na robo, mtahiniwa wake alipotoka akiwa ameloa jasho, Bibi Saa alivaa kandambili, akatoka chumba namba tatu huku gauni la hospitali likiwa wazi kifuani na yeye hana habari, akaenda chumba namba nne kumalizia chai.

Chai ilikuwa ya Fundi Redio, mgonjwa mwenzake wa miaka mingi. Mlangoni kwa Fundi kulikuwa na kadi nyekundu. Siku ya mtihani kadi nyekundu ilikuwa amri: mtahiniwa yumo ndani na mgonjwa, asiingie mtu, hata muuguzi, hata Profesa mwenyewe. Mtahiniwa akimaliza ndipo huigeuza upande wa kijani, akaenda kujieleza mbele ya Profesa chumba cha pili. Bibi Saa alitega sikio. Ndani hakukuwa na sauti. Yeye na kadi hawakuwahi kuelewana, akasukuma mlango.

Fundi Redio alikuwa nusu ameketi kitandani, kichwa kimelala upande, gauni lake limefungwa vifungo mpaka shingoni kama mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza. Pembeni ya mdomo palikuwa na povu kidogo, lenye wekundu wa mbali.

"We Fundi," Bibi Saa alisema. "Acha mzaha wako."

Fundi alikuwa na mzaha mmoja aliourudia kila walipokutana. Alinyoosha mkono wa kushoto, akasema, "Shika mkono wa marehemu." Zamani bonge la damu lilitoka kwenye moyo wake, likasafiri, likaziba mshipa mkubwa wa mkono huo. Mkono haukufa, maana mishipa midogo ilijitahidi kuulisha, lakini kwenye kifundo ungeweza kutafuta mapigo mpaka ukachoka usiyapate, nao ulikuwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji. Huo ndio ulikuwa mtego wa Profesa. Wagonjwa wa mtihani walikuwa wameapa kutowaambia wanafunzi siri za miili yao, na Fundi alikuwa ameifunga yake kama mtu aliyeficha almasi.

Bibi Saa akaushika mkono wa kushoto. Baridi. Hilo halikuwa jambo geni.

Akaushika wa kulia.

Hapo ndipo vali yake ilipoanza kwenda mbio, na Sista wa zamu, aliyekuwa akipita na trei, aliisikia kabla hajasikia ukelele.

*

Inspekta alifika saa tano na nusu, akiwa na mafua na leso iliyokwisha kazi. Alikagua chumba namba nne, akalitazama lile povu, akaamuru chupa ya chai ifungwe kwenye mfuko. Kisha akachukua chumba cha mikutano cha wodi, akakaa, akainua kichwa.

"Nani amevaa saa yenye kelele humu?"

"Ni moyo wangu, afande," alisema Bibi Saa, aliyekuwa ameshajichagulia kiti kizuri. "Hauzimwi. Ukizimwa utakuwa na maiti wawili."

Inspekta alifikiria kumtoa, akafikiria tena, akamwacha. Mtu wa kwanza kumwita alikuwa mkwe wa Fundi, mume wa binti yake, dereva wa lori mwenye mabega ya kujaza mlango. Wahudumu walikuwa wamemsikia asubuhi akifoka koridoni.

"Ulikuwa unagombana na marehemu," Inspekta alisema.

"Nilikuwa nagombana na hospitali. Baba mkwe wangu si mwanasesere. Kila mwaka anavuliwa gauni mbele ya watoto wadogo! Nilimwambia, baba, basi sasa, pumzika nyumbani. Akanijibu kwamba nyumbani hakuna anayemsikiliza kwa makini kiasi kile."

"Ukamletea chai."

"Mke wangu ndiye aliyeitengeneza. Mimi nimeibeba tu."

"Na sasa amekufa, ana povu mdomoni."

Macho ya mkwe yalijaa maji, jambo ambalo kwa mtu wa ukubwa ule lilitisha kidogo.

"Afande," Bibi Saa alisema, "chai hiyo usiisumbue. Tumeinywa wawili kabla ya mtihani kuanza. Yeye kikombe kimoja, mimi viwili na nusu, maana alikuwa na adabu. Kama ina sumu, basi sumu yenyewe inaniogopa."

"Kwa nini hukusema mapema?"

"Daktari amenikataza sukari. Sikutaka Profesa asikie."

Profesa, mrefu, mwenye nywele nyeupe, alikuwa amesimama dirishani. Hakugeuka. "Nimekusikia," alisema. Kisha, bila kubadili sauti: "Inspekta, povu lile si lazima liwe sumu. Moyo kama wa Fundi ukishindwa ghafla, mapafu hujaa maji, na maji hayo hutoka hivyo. Daktari wa maiti atatuambia."

"Atatuambia kesho," Inspekta alisema, akapiga chafya. "Na mimi nina shahidi wa leo."

Akamruhusu mkwe aende. Akamwita Sista.

*

Sista alikuwa amefanya kazi wodi ile tangu alipokuwa na kiuno chembamba, kama alivyokuwa akisema mwenyewe. Ndiye aliyemwogesha Bibi Saa mgongo alipotoka kufanyiwa upasuaji, akimwimbia vibaya kwa makusudi ili acheke na kukohoa vizuri. Sasa alikaa ukingoni mwa kiti, mikono imefumbatwa magotini.

"Saa nne kasoro kidogo ulikuwa wapi?"

"Mlangoni kwa Fundi. Nilimpelekea sindano yake ya saa nne, ya kupunguza maji mwilini. Nikakuta kadi nyekundu, nikangoja. Nikaona haigeuzwi, nikarudi."

"Hukuingia?"

"Kadi ilikuwa nyekundu, afande. Sijawahi kuivunja amri ile."

"Na dawa iko wapi?"

"Nimeimwaga. Dawa ikishavutwa kwenye bomba la sindano siwezi kuiweka ikingoja."

"Yaani bomba tumelikuta tupu kwenye ndoo ya taka, na dawa hakuna." Inspekta alijifuta pua. "Sista, mtahiniwa anasema alimwacha mzee yuko hai na anacheka. Anasema aligeuza kadi ikawa kijani, na alipofika kona ya koridoni aligeuka akakuona unaingia na sindano. Baada ya hapo aliyefuata kufungua mlango ni huyu bibi, akakuta maiti. Nani mwingine aliyeingia katikati?"

"Mimi sikuingia."

"Na kadi? Bibi aliikuta nyekundu."

"Nyekundu kama pilipili," Bibi Saa alisema.

"Basi ameigeuza mtu aliyetaka mlango usifunguliwe," alisema Inspekta, na hakumtazama mwingine ila Sista. "Huenda ni kosa tu la dawa, ukaogopa. Lakini ukishalificha kosa la dawa, si kosa tena, ni uhalifu. Mama, jiandae. Utakwenda nami."

Sista hakulia. Aliuliza kama anaweza kwanza kumpigia binti yake asimngojee. Bibi Saa aliona vidole vya Sista vikitafuta mfuko wa gauni jeupe na kuukosa, mara moja, mara mbili, na vali yake ikaanza kupiga hata Inspekta akageuza shingo.

"Afande," Bibi Saa alisema, "mwite shahidi wako. Nataka nimsikie kwa masikio yangu."

Alisema hivyo kwa sauti nyepesi, lakini moyoni hakutaka. Mungu anajua hakutaka.

*

Mtahiniwa wa chumba namba nne aliitwa na Bibi Saa jina la Daktari Kesho, kwa kuwa alikuwa amefeli mtihani mara mbili na kila mara alisema mwaka ujao. Hii ilikuwa mara ya tatu, na kanuni ya chuo haikuwa na ya nne.

Wenzake walimtania, yeye alitabasamu. Miezi yote alikuja jioni kumtembelea Bibi Saa nyumbani kwake kujizoeza. Aliingia na salamu ile ile, "Shikamoo mke wangu," naye akajibiwa, "Marahaba mume wangu, umeniletea nini leo, au umeleta masikio tu?" Na alikuwa na jambo moja ambalo wengine wote hawakuwa nalo: kabla hajaiweka stetoskopu kifuani kwake, aliifumbata kiganjani mpaka ipate joto. Katika miaka yake yote ya kugandishwa na vyuma vya vijana, Bibi Saa hakuwahi kufanyiwa hivyo. Alimpenda kwa jambo hilo kuliko alivyowapenda baadhi ya wajukuu zake wa damu, na wao walilijua.

Sasa kijana aliingia, akaamkia, akaketi. Uso ulikuwa umempauka. Hakumtazama Sista.

"Nilichukua maelezo yake," alieleza. "Akaniambia alivyougua homa ya baridi yabisi utotoni, alivyokuwa akihema akipanda ngazi, vidonge anavyotumia vya kuzuia damu isigande. Nikampima. Nikamshukuru. Nikatoka."

"Alikuwa katika hali gani?"

"Nzuri. Alinitania kidogo."

"Na ulimwona Sista akiingia."

"Nilimwona."

"Mtoto wangu," Sista alisema taratibu, "mimi?"

Kijana aliangalia sakafu.

"Mimi nina uthibitisho mzuri kuliko neno lake," alisema Inspekta, kama mtu anayetetea kazi yake. "Profesa, si alikuja kwako akatoa taarifa yote ya vipimo?"

"Alitoa. Kamili."

"Huwezi kumpima maiti ukatoa taarifa ya mtu aliye hai. Kwa hiyo mzee alikuwa hai. Au nakosea?"

"Hukosei," alisema Profesa, na bado alikuwa akitazama nje.

"Alipata ngapi?" Bibi Saa aliuliza.

"Bibi, si wakati wake."

"Nauliza tu. Ni mume wangu, nina haki ya kujua."

Profesa aligeuka. Alionekana amezeeka tangu asubuhi. "Alianza vizuri sana. Moyo haupigi kwa mpangilio, sawa. Mlio wa vali, mahali pake, sawa. Jinsi unavyoongezeka mgonjwa akilala ubavu wa kushoto, sawa. Nikajisemea, huyu mwaka huu anapita. Halafu nikamuuliza mapigo ya mikononi, akasema mikono yote miwili ni sawasawa." Alitikisa kichwa. "Nusu yao hunaswa hapo kila mwaka. Wanashika mkono wa kulia, wanachoka, wanasema yote miwili sawa. Nikamkata alama, nikaona ni uvivu ule ule."

"Uvivu," Bibi Saa alisema.

"Uvivu."

Chumba kizima kilimsikia Bibi Saa akifikiri, tik, tik, tik.

"Afande, mimi ni mtu wa darasa la saba," alisema, "lakini kulala kitandani nimesomea. Nina ombi. Mume wangu anipime hapa hapa, mbele yenu, kama alivyompima Fundi. Kila akigusa mahali, aseme alikuta nini kwa mwenzangu. Kama alimpima, hana cha kupoteza. Sista naye atakwenda akijua amekwenda kwa haki."

Inspekta alimtazama Profesa. Profesa akainua mabega. Kijana alisema, "Bibi, tafadhali," kwa sauti ndogo, na Bibi Saa alijifanya hakusikia, ingawa masikio yake yalikuwa mazima kuliko meno.

*

Walimlaza kwenye kochi la chumba cha mikutano, kichwa kimeinuliwa kwa mito miwili. Daktari Kesho alisimama kuliani kwake, kama inavyotakiwa. Alinawa mikono. Akaomba ruhusa. Na alipoanza, jambo la ajabu lilitokea: hofu ilimtoka. Vidole vilijua kazi yake.

Alimtazama kwanza, bila kumgusa, anavyohema. Akashika viganja, akaangalia kucha, akamwambia atazame juu ili aone wekundu wa macho. Aliinamisha kichwa kuangalia mshipa wa shingo, unavyochezacheza chini ya ngozi, akapima kwa jicho umepanda mpaka wapi. Hata Inspekta aliacha kujifuta pua. Lilikuwa jambo zuri kuliona, mtu akimsoma mtu hivyo, na Bibi Saa aliyekuwa amelala pale alijisikia kama amekunywa kitu kichungu. Kijana alikuwa amejua. Alikuwa amejua kila kitu, na angepita.

"Sasa mapigo," alisema Inspekta.

Kijana alishika vifundo vyake viwili kwa pamoja, vidole vitatu kila upande.

"Kwa Fundi ulifanya hivi hivi?" Bibi Saa aliuliza.

"Hivi hivi."

"Mikono yote miwili?"

"Yote, Bibi. Mimi si wa kuruka hatua. Wewe mwenyewe unanijua."

"Nakujua. Ndiyo maana nauliza. Profesa anasema uliruka kwa uvivu, mimi nikamwambia moyoni, huyu mtoto si mvivu. Mkono wa kushoto ulikuwaje?"

"Mapigo yalikuwa ya kutosha. Hayana mpangilio, lakini yenye nguvu. Sawa na kulia."

"Na mkono wenyewe? Wa moto, wa baridi?"

Kijana alisita, kisha akajibu kama mtu anayekumbuka. "Wa moto. Ulikuwa na jasho kidogo."

Profesa alisogea kutoka dirishani.

"Rudia," alisema.

"Ulikuwa wa moto, Profesa."

Bibi Saa alifumba macho. Laiti angesema hakuushika. Laiti angesema, nilichoka, nikaruka, nisamehe. Angefeli mtihani tu.

"Endelea," alisema, macho yamefumbwa. "Kifua."

Kijana alifungua vifungo vya gauni lake kwa heshima. Aliweka kiganja, akatafuta ncha ya moyo inapogonga, akahesabu mbavu kwa kidole. Kisha akaitoa stetoskopu shingoni, akaifumbata kiganjani, akangoja ipate joto.

Alisikiliza. Akamwambia avute pumzi, aitoe, aizuie. Akamwambia apumue. Akamgeuza ubavu wa kushoto, akasikiliza tena. Hatimaye akasimama wima, akarudi nyuma hatua moja, mikono nyuma, kama wanavyofundishwa.

"Umemaliza?" Bibi Saa aliuliza.

"Nimemaliza."

"Na kwa Fundi ulimalizia hapo hapo?"

"Hapo hapo."

Bibi Saa alikaa kitako taratibu, akaangalia kifua chake. Gauni lilikuwa wazi mpaka tumboni.

"Afande, njoo uone. Siyo huku, wewe mwanamume! Angalia vifungo tu. Miaka yote hii wamenifungua vijana wasiohesabika, wenye adabu na wasio na adabu. Aliyewahi kunifunga tena ni binti mmoja tu, na nilimwombea dua. Wote wakimaliza wanarudi nyuma, wanaanza kufikiria watakachomwambia Profesa, bibi wa watu amebaki wazi kama dirisha. Na Fundi vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, hakuweza kujifunga mwenyewe. Sista ndiye aliyemfunga asubuhi, kweli si kweli?"

"Kweli," Sista alisema. "Mpaka juu. Alisema anasikia baridi shingoni."

"Nilimkuta amefungwa mpaka juu." Bibi Saa alijifunga vyake, kimoja kimoja, bila haraka. "Hakuna aliyemfungua. Profesa, waambie habari za mkono."

Profesa aliwaambia. Alieleza kwa maneno machache bonge la damu, mshipa ulioziba, na kwamba mkono ule haukuwa na mapigo wala joto kabla kijana huyu hajaanza chuo. "Nilidhani ameruka," alisema. "Mtu anayeruka husema sawasawa na kunyamaza. Hawezi kukueleza jasho." Alimgeukia kijana. "Maelezo ya ugonjwa alikupa mwenyewe. Mengine yote umeyatoa kitabuni. Ulijua kitabu kinasema nini juu ya moyo wa aina ile, ukanisomea. Na mimi nikakusikiliza nikafurahi."

Inspekta alikuwa ameshika leso yake bila kuitumia. "Kwa hiyo neno lake kwamba alimwacha hai..."

"Halina mguu wa kusimamia," alisema Profesa. "Na kadi haikugeuzwa na mtu. Haikuwahi kuwa kijani."

Daktari Kesho alikaa sakafuni. Hakuanguka, alikaa tu, kama mtu aliyefika alikokuwa akienda.

*

Walimwacha alie. Bibi Saa alimwekea mkono kichwani, na Sista, ambaye dakika chache zilizopita alikuwa mfungwa kwa neno lake, alimletea maji kwenye kikombe cha plastiki kwa sababu ya mazoea.

"Alikuwa akinisimulia," kijana alisema. "Nilikuwa sijafika kwenye kupima. Mara akanyamaza. Nikamtazama, amekwisha. Nikaona ni mara ya tatu. Nikaona wataufuta mtihani, watasema umeharibika, hakuna wa nne. Nikatoka. Nilitaka nijieleze kwanza, halafu niite watu. Nilipomaliza nikasikia kelele. Nikamwona Sista, nikakumbuka nilimpita koridoni akiwa na sindano mkononi... maneno yakatoka yenyewe."

"Yametoka yenyewe, yakaniendea mimi," Sista alisema. Haikuwa hasira. Ilikuwa kama mtu anayesoma bango.

"Nisamehe, Sista."

Profesa alikuwa amekaa sasa, miguu yake mirefu imekunjwa vibaya chini ya kiti kidogo. "Ungeita," alisema. "Ungepiga ukelele mmoja tu. Mgonjwa akizidiwa, mtahiniwa anapewa mgonjwa mwingine, muda unaanza upya. Ndivyo tunavyofanya. Imetokea mara nyingi. Hakuna mtu amewahi kupoteza mtihani kwa hilo."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

"Niliogopa kuuliza, Profesa. Nikiuliza kitu wanasema, ndiyo maana anafeli."

Bibi Saa alitazama dari. Kwa miezi yote ile alimfundisha mahali pa kuweka vidole, akamcheka alipokosea, akampa jina la Kesho akaona ni utani mzuri. Hakuwahi kumwambia jambo dogo kama lile, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba ni jambo la kuambiwa.

Sista ndiye aliyeanza tena kuzungumza.

"Nilisimama pale mlangoni," alisema. "Na dawa. Ile ile ya kutoa maji. Profesa, kama alikuwa bado..." Hakumalizia. Alifunika uso kwa viganja.

"Ingekuwa ndiyo dawa ya kumwokoa," alisema Profesa. "Kama alikuwa hai."

"Alikuwa ameshakufa!" kijana alisema upesi. Alipiga magoti, akamgeukia Sista, akawa anamwambia yeye peke yake. "Sista, nisikilize. Usijitese. Amekwenda mara moja, kama taa. Hakuhema, hakuniita, hakuomba kitu. Ulipofika mlangoni hapakuwa na mtu wa kuokoa. Naapa."

Inspekta aliitazama leso yake, akaikunja, akaitia mfukoni. Kila mtu chumbani alitaka iwe hivyo. Hata yeye alitaka: maiti aliyekufa mwenyewe, kijana mwoga aliyedanganya, basi, kila mtu aende nyumbani kwake. Sista alikuwa ameanza kutikisa kichwa kukubali, machozi yanapita katikati ya vidole.

Bibi Saa naye alitaka. Alitaka kuliko wote. Alimpapasa kijana kichwani, taratibu, kama alivyokuwa akifanya jioni zile akimaliza kumsikiliza.

"Afadhali, mume wangu," alisema kwa upole. "Afadhali hakuteseka. Yule mtu alikuwa na kiu, sijawahi kuona. Dawa zile zilimkausha koo. Tukiwa tunaongea, kila mara ni maji, maji. Yaani hata maji yake hakuyaomba?"

"Hapana, Bibi," alisema Daktari Kesho, akimfariji. "Maji hakuomba. Aliomba tu nimfungulie dirisha, apate hewa."

Sista aliinua uso kutoka kwenye viganja.